Kiwanda Kinapobadili Mtambo: Anayefaidika na Anayebakiwa na Taka

Mkazi wa Mapinga aendaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo huvuka Mto Mpiji, akapita Bunju na Boko, na anapokaribia Tegeta huona upande wake wa kulia kilima cha Wazo pamoja na minara ya kiwanda cha saruji. Kiwanda hicho kilianza uzalishaji mwaka 1966, kikiwa cha kwanza cha aina yake nchini, na nyumba nyingi za kata yetu zimesimama kwa saruji iliyotoka pale. Kilima ni kilekile na mawe ni yaleyale ya matumbawe ya kale. Kilichobadilika ni mitambo, na katika mabadiliko hayo yamo mambo ambayo kila mkazi wa kata anapaswa kuyafahamu kabla hajainua mkono katika mkutano wa kijiji kuidhinisha au kupinga mradi wa kiwanda.

Tunasema hivyo kwa sababu Mapinga iko mahali pa pekee. Kusini yetu jiji linapanuka na kutusogelea. Kaskazini yetu, kuelekea Zinga na Mbegani, kuna ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Bagamoyo. Viwanja vya makazi, maghala, karakana na yadi za matofali vimekwisha kuchanganyika kandokando ya barabara kuu. Mwekezaji anapofika mbele ya wanakijiji, aghalabu husema kwamba atatumia teknolojia ya kisasa iliyo rafiki kwa mazingira. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, inaweza kuwa ya kweli nusu, na inaweza kuwa maneno matupu. Makala hii inaeleza namna ya kupambanua.

Njia nyepesi ya kuanzia ni kutambua kwamba vitu vitokavyo kiwandani na kuingia katika hewa, maji au ardhi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni mali ya kiwanda chenyewe iliyopotea: joto lililotoroka, unga uliopeperuka, maji safi yaliyomwagika, mafuta yaliyoungua nusunusu. Aina ya pili ni vitu ambavyo kampuni haivilipii chochote vinapoondoka na haipati chochote ikivizuia. Mtambo mpya hupunguza aina ya kwanza karibu wenyewe, kwa kuwa mwenye mali hapendi kupoteza mali. Aina ya pili haipungui kwa sababu tu mtambo ni mpya. Hupungua pale ambapo kuna sheria, au bei, au jirani anayeuliza.

Turudi Wazo. Kutengeneza saruji huanza kwa kusaga mawe ya chokaa pamoja na udongo, kisha kuuchoma mchanganyiko huo katika tanuri refu lizungukalo hadi ufikie joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kitokacho ni vibonge vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa na kuwa saruji. Joto la kiasi hicho hula nishati nyingi mno. Kwa miaka mingi tanuri za Wazo zilikuwa zikichoma mafuta mazito, yaani yale mafuta meusi yabakiayo baada ya petroli na dizeli kutolewa. Mafuta hayo huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, bei yake hupanda na kushuka bila kumshauri mtu, na yanapoungua hutoa masizi na gesi ya salfa.

Mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa kilichoko wilayani Kilwa ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam. Bomba lake lilipita chini ya bahari kwa kilomita 25, likaendelea nchi kavu kwa kilomita 207 hadi Ubungo, na tawi la kilomita 16 likaelekezwa Wazo. Kiwanda cha saruji kikawa miongoni mwa wateja wa mwanzo kabisa wa gesi hiyo. Gesi asilia huungua karibu bila masizi wala salfa, na kwa kiasi kilekile cha joto hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na mafuta mazito. Kwa kampuni, gharama ya nishati ikafungamanishwa na rasilimali iliyoko nchini badala ya meli ya mafuta. Hapa maslahi ya kampuni na ya jirani yalikwenda pamoja, na hakuna aliyehitaji kumshurutisha mwenzake.

Vumbi nalo lina habari kama hiyo. Wazee walioishi karibu na viwanda vya saruji vya zamani, popote Afrika Mashariki, hukumbuka mapaa meupe na majani ya miembe yaliyofunikwa unga. Unga ule haukuwa takataka: ulikuwa saruji, au malighafi ya saruji, iliyokwisha kuchimbwa, kusagwa na kulipiwa. Vichujio vya kisasa vya mifuko hufanya kazi kama kichujio cha chai kilichogeuzwa ndani nje. Hewa yenye vumbi husukumwa kupita katika mamia ya mifuko mirefu ya kitambaa maalumu, vumbi likabaki juu ya kitambaa, kisha mfuko ukapigwa hewa kwa ghafla na vumbi likaanguka chini kurudishwa kiwandani. Kiwanda kinachokamata vumbi lake kinakusanya bidhaa yake.

Lakini mifuko hiyo huchakaa. Huziba, hutoboka, na kuibadilisha ni gharama, tena kiwanda hulazimika kusimama wakati wa kuibadilisha. Ndiyo maana swali la kama kiwanda kina kichujio halitoshi. Linalofaa zaidi ni kuuliza mifuko ilibadilishwa lini, na kama bomba la moshi usiku linafanana na lilivyo mchana. Jirani ana macho, na macho ya jirani ni kipimo ambacho wakaguzi wenyewe hukitegemea kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sasa tufike penye ugumu. Jiwe la chokaa lenyewe limefunga hewa ya ukaa ndani yake. Ukichoma kilo 100 za chokaa safi ya mawe, utabaki na kilo 56 tu; kilo 44 zimeondoka kama hewa ya ukaa. Hazikutoka kwenye mafuta wala kwenye gesi, zimetoka ndani ya jiwe. Kwa hiyo hata tanuri lingechomwa kwa nishati safi kuliko zote duniani, hewa hiyo ingetoka vilevile. Katika utengenezaji wa saruji duniani kote, takriban asilimia 60 ya hewa ya ukaa hutokana na jiwe na iliyobaki hutokana na moto. Hii ndiyo aina ya pili tuliyoitaja: haina bei kwa kampuni, wala haionekani kwa jicho la jirani.

Njia iliyopo kwa sasa ni kupunguza klinka ndani ya mfuko wa saruji, kwa kuchanganya vitu ambavyo havikupita tanurini, kama unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa au majivu ya volkano. Mkazi anaweza kuyaona haya kwa macho yake dukani. Mfuko ulioandikwa CEM I una klinka isiyopungua asilimia 95, bila kuhesabu jasi kidogo inayoongezwa wakati wa kusaga. Ulioandikwa CEM II una klinka kati ya asilimia 65 na 94. Namba inayofuata, 32.5 au 42.5, ni ya nguvu. Kwa kujengea kuta na kupiga lipu, 32.5 inatosha, kwa nguzo, mikanda na zege la ghorofa, mhandisi ataitaka 42.5. Anayenunua 42.5 kwa kupiga lipu ya choo ametumia fedha zaidi ya alizohitaji, na aghalabu ametumia klinka zaidi ya aliyohitaji. Si kosa la jinai, lakini ni vyema fundi akaulizwa.

Katika wilaya yetu hiyohiyo, kwenye eneo la iliyokuwa ranchi ya RAZABA, yako mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Viwanda vya sukari vina bahati ambayo viwanda vingine havina, kwani kila tani ya miwa iliyokamuliwa huacha makapi kati ya kilo 250 na 300. Makapi hayo yakichomwa katika boila nzuri hutoa mvuke wa kuendeshea kinu pamoja na umeme. Kiwanda kikiwa na boila duni makapi hubaki kuwa kero, ilhali boila ya kisasa huyageuza kuwa nishati isiyonunuliwa. Hapo hapahitajiki mjadala mrefu. Mjadala uko kwenye maji, kwa kuwa miwa ni mmea wenye kiu na mito yetu ina watumiaji wengi. Ruvu pekee, kupitia mtambo wa Ruvu Chini uliopanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, unahudumia sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Umwagiliaji wa matone, unaopeleka maji kwenye shina badala ya kuyamwaga shambani, huokoa maji mengi. Lakini kampuni itaugharimia mapema zaidi pale ambapo kibali cha maji kinatolewa kwa kipimo na kipimo hicho kinasomwa.

Kazi ya chumvi ni ya zamani zaidi kuliko saruji na sukari, na inafundisha jambo ambalo hizo mbili hazilifundishi. Mwambao mzima wa Bagamoyo unaifahamu. Lita 1,000 za maji ya bahari zina takriban kilo 35 za chumvi za aina mbalimbali, ambazo sehemu kubwa ni ya kulia chakula. Kuipata kwa moto ni kazi ya kuteketeza misitu. Hata jiko lisilopoteza joto hata kidogo lingehitaji zaidi ya kilo 150 za kuni kavu ili kukausha lita hizo 1,000, na jiko la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto, hivyo huhitaji mara kadhaa ya hizo. Ndiyo sababu wachemshaji wa zamani walikusanya kwanza udongo uliokolea chumvi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji makali badala ya maji ya bahari matupu. Hata hivyo kuni zilikuwa nyingi, na kuni zilizo karibu na bahari ni mikoko.

Kisha yakaja mabwawa ya jua. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, hupitishwa bwawa baada ya bwawa yakizidi kukolea, chokaa na jasi zikitangulia kutuama, chumvi ikifuata, na mwishoni maji machungu yaliyobaki humwagwa. Hakuna kuni, hakuna moshi, nishati ni ya bure. Ukimwonyesha mtu mtambo huu leo kwenye mkutano, atasema hakuna teknolojia iliyo safi zaidi. Lakini bwawa linahitaji ardhi tambarare iliyo karibu na maji ya bahari, na ardhi ya namna hiyo hapa pwani iko nyuma ya mikoko au ndani ya mikoko yenyewe. Katika sehemu nyingi za mwambao, mikoko iliyookolewa na shoka la mchoma kuni ilikatwa ili kupisha mabwawa. Aliyepoteza hakuwa mtengeneza chumvi. Alikuwa mvuvi, kwa sababu kamba na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ile, na alikuwa mwenye shamba nyuma ya fukwe, aliyekuwa akikingwa na mawimbi.

Mitambo inayotumika sasa imerekebisha sehemu ya tatizo. Mabwawa yanayotandikwa karatasi nzito ya plastiki hayavujishi maji makali ardhini kuelekea kwenye visima, na chumvi yake hutoka nyeupe, isiyo na tope, yenye bei nzuri zaidi. Hiyo ni aina ya kwanza ya faida, na wazalishaji wataifuata wenyewe. Mahali pa kuchimba bwawa ni suala jingine. Misitu yote ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na hakuna bwawa, nyumba wala bandari ndogo inayoruhusiwa kuingia humo bila kibali, hata kama mradi wenyewe utatumia jua tupu.

Tukija ndani ya kata, kiwanda kilicho karibu zaidi na wengi wetu hakina mnara. Ni yadi ya matofali ya saruji. Mashine za kutetemesha zimechukua nafasi ya fremu ya mkono katika yadi nyingi, na ni maendeleo ya haki: hushindilia vizuri, hivyo tofali hupata ugumu uleule kwa saruji kidogo zaidi, na mfanyakazi haumii mgongo. Zikiendeshwa kwa umeme wa gridi badala ya jenereta ya dizeli, kelele na moshi vinapungua, na kwa sasa gridi hiyo inabeba umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mwenye yadi anaokoa fedha, jirani analala.

Hata hivyo mashine ileile inatoa matofali mengi zaidi kwa siku, na kila tofali ni mchanga. Mchanga wa mtoni, kama ule wa Mpiji, humgharimu mchimbaji koleo na lori tu. Kuporomoka kwa kingo, kutanuka kwa mto hadi kwenye mashamba na kulegea kwa misingi ya madaraja havimo katika bei ya lori. Mto unaochotwa mchanga haupeleki tena mchanga baharini, na fukwe hulishwa na mchanga huo. Watafiti wa pwani wameuhusisha mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi, pamoja na sababu nyingine, na uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyozilisha. Kunduchi si mbali. Kwa yadi za matofali, teknolojia inayofaa kuulizwa si mashine ya kufyatulia peke yake, bali pia chanzo cha mchanga: kuna mchanga unaotokana na kusagwa kwa mawe, kama katika machimbo ya Lugoba katika Halmashauri ya Chalinze, na kuna matofali ya udongo na saruji kidogo yanayofungamana, ambayo mashine zake zimesambazwa kwa muda mrefu na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Mchanga ni madini ya ujenzi, na anayeuchimba anatakiwa kuwa na leseni.

Pengine msomaji atauliza kama sheria haiwezi kuiua kampuni. Mfano ulio karibu ni wa mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Kabla ya hapo mfuko uliotupwa haukumgharimu aliyeutengeneza. Mtaro ulioziba ulikuwa wa wote. Baada ya hapo mashine ya kutengeneza mfuko ule ikawa chuma chakavu kwa usiku mmoja, na soko likahamia kwa waliokuwa tayari kutengeneza mifuko mbadala na vifungashio vya karatasi. Waliochelewa walipata hasara ya kweli, na si haki kuidharau. Lakini somo kwa mwekezaji ni wazi: mtambo unaotegemea taka isiyo na bei hudumu mradi tu taka hiyo haijapewa bei.

Basi mkutano utakapoitishwa, haya ndiyo ya kushika. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi ya aina zilizoainishwa hulazimika kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kupata cheti kabla ya kuanza, na maoni ya wananchi wa eneo husika ni sehemu ya tathmini hiyo. Mahudhurio na sahihi zenu huambatishwa kwenye ripoti. Kwa hiyo karatasi ya mahudhurio isisainiwe kabla maelezo hayajatolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ulizeni maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi yakishatumika. Kisima kirefu cha matumizi ya kiwandani na utiririshaji wa majitaka vyote vinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ulizeni nishati itakuwa ipi umeme ukikatika. Ulizeni kitakachobaki baada ya bidhaa kutoka, nani atakibeba, na kitatupwa wapi kwa jina la mahali.

Baada ya kiwanda kuanza, kazi haijaisha, kwani cheti huambatana na masharti na ukaguzi wa mazingira. Mwenye malalamiko aanzie kwenye kamati ya mazingira ya kijiji au kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, kisha Afisa Mtendaji wa Kata na Afisa Mazingira wa Halmashauri. NEMC nao hupokea malalamiko moja kwa moja. Lalamiko lenye nguvu huwa na tarehe, saa, upande upepo ulikotoka, rangi ya moshi au ya maji, na mahali hasa yalipoonekana. Picha ya simu iliyopigwa saa nane usiku, ikiwa na tarehe yake, humsaidia afisa kuliko barua ya kurasa tatu. Maji yanayotiliwa shaka yasichotwe na mkazi kwa chupa ya soda na kuletwa ofisini, kwa kuwa sampuli ya namna hiyo haikubaliki kama ushahidi. Toeni taarifa mapema ili ichukuliwe na mtaalamu ilhali maji bado yanatiririka.